Chumvi ya Wifi

Nesi alimuuliza mume wangu ni nani atakayemsemea kwa daktari, siku akifika mahali pa kushindwa kusema mwenyewe. Akamtaja dada yake. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, chupa ya chai mkononi, na hakuniangalia hata. Alisema tu, "Mdogo wangu wa Sakina," kama mtu anayetaja duka analonunua sukari.

Nikamimina chai. Nilimimina mpaka ikamwagika kwenye kisosi, nesi akasema, "Bibi, inatosha." Nikamwambia najua inatosha.

Mume wangu ni mgonjwa wa moyo. Hospitali walisema umetanuka. Miguu inavimba, na akipanda kutoka kwenye migomba kuja mlangoni anasimama njiani, anajifanya anakagua kahawa. Mimi si mjinga. Hakuna mtu anayekagua mti mmoja wa kahawa kila siku. Vidonge vilipozidi kuwa vingi na nafuu ikazidi kuwa ndogo, hospitali wakatuunganisha na nesi wa tiba shufaa, ambaye huja nyumbani kwa pikipiki na begi lake mgongoni. Siku ya kwanza alituambia bila kuzunguka kwamba hakuja kumponya mzee. Kazi yake ni kumpunguzia maumivu, na kutuuliza mambo ambayo sisi hatuulizani. Ukizidiwa unataka uwe wapi? Unataka mashine? Unaogopa nini? Huku kwetu mlimani ukimuuliza mtu hivyo unaonekana unamharakisha. Watoto wangu walitazama chini wote, watu wazima wenye ndevu na watoto wao, kama wamepoteza kitu kwenye zulia.

Mimi sikutazama chini. Swali halikunitisha kwa sababu jibu nililijua. Nani mwingine angemsemea? Vidonge nampa mimi. Miguu namkanda mimi. Nikisikia anavyokohoa najua kama ni baridi au ni maji kwenye kifua. Na chumvi namzuilia mimi. Daktari aliikataza mbele yangu, na mimi kitu kikikatazwa, kimekatazwa. Chumvi ya nyumba hii niliifunga kwenye mfuko, nikaizika chini ya mahindi kwenye debe, nikafunika. Hata mimi mwenyewe nilikula bila chumvi, maana sikutaka anione naona utamu peke yangu. Sasa mtu akufanyie hivyo halafu ukiulizwa nani akusemee, umtaje mtu wa Sakina!

Niseme kidogo juu ya huyu wifi. Ni mjane, anauza mitumba mjini, mtaa wa Sakina, karibu na mafundi magari, barabara ya Nairobi, na sauti yake imezoea kushindana na injini. Akiingia hapa kwangu hata kuku wanajua. Kila Jumapili baada ya ibada anakuja amevaa kanga zake mbili, hotpoti ya mtori mkononi, anaiweka mezani kama amekuja kulipa mahari.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula kidogo."

"Nilijua," anasema, na kuniangalia mimi.

Basi mume wangu anaula ule mtori mpaka anakwangua. Mtori wangu, ndizi zilezile, tena nyama yangu nzuri kuliko ya kwake, anaula nusu na kusema ameshiba. Nilikuwa nakaa pembeni nakitazama kijiko kinavyokwenda na kurudi. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuionea wivu hotpoti. Mimi niliionea.

Halafu kuna ile lugha yao. Mimi sikuzaliwa upande huu. Ni Mwarusha wa magharibi ya mlima, binti wa wafugaji. Kimeru nilijifunza jikoni kwa mama mkwe, mwanamke aliyekuwa hatoki jikoni. Hata siku mumewe anakata roho chumbani, yeye alikuwa anageuza ugali wa waliokuja kumtazama. Kwa hiyo Kimeru changu ni cha sufuria na kuni. Cha utotoni sina. Wao wawili wakianza vichekesho vyao vya kuchunga mbuzi na kuiba miwa, wanacheka mpaka mume wangu anashika kifua. Nikiuliza mnacheka nini, wanajibu, "Aah, mambo ya zamani." Hizo zamani mimi sikuwepo, na nilikuwa nawachukia kwa hizo zamani, nisiseme uongo.

Hapa mbuzi akichinjwa, kila mtu ana kipande chake, na cha dada wa boma kinatengwa kabla ya cha mke. Nimekuta hivyo na sijawahi kulalamika. Nyama ni nyama. Lakini siku ile ya nesi nilijiuliza, kwani hata mume naye anagawiwa?

Jumapili iliyofuata nilitoka kumpa ng'ombe majani, nikapita dirishani, nikaona. Wifi alikuwa amekaa karibu na kaka yake, hotpoti wazi. Akashika pindo la kanga, akafungua fundo kwa meno, akachota kwa vidole viwili na kunyunyiza kwenye mtori. Mume wangu alikuwa anangoja na kijiko juu, kama mtoto anayengoja sala iishe haraka ale.

Niliingia na majani yangu kichwani.

"Wifi, hiyo ni nini?"

"Baraka."

"Nimekuuliza hiyo ni nini."

"Chumvi, wifi. Kwani kwenu hamuijui? Si mnawalambisha ng'ombe?"

Mume wangu akacheka. Alicheka, kisha akakohoa, nikamwambia kohoa tu, ndiyo dawa yako.

"Unamuua," nikamwambia wifi.

"Namlisha. Wewe unampa maji ya kuoshea ndizi halafu unashangaa anakonda."

"Daktari amekataza!"

"Daktari ameuonja huo mtori wako?"

Nikatupa majani chini, kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi. Mume wangu akaweka kijiko.

"Mama watoto, kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Lakini sikiliza. Unamkumbuka yule ng'ombe mwenye baka?"

Namkumbuka, sana. Alizaa, akaanguka, akashindwa kuinuka. Watu wote wakasema achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee. Nilikataa. Nilipitisha kamba na magunia chini ya tumbo lake, nikazitupa juu ya boriti ya banda, nikawaita vijana wakavuta, ng'ombe akasimama ananing'inia. Nilimlisha kwa mkono. Usiku nililala naye bandani.

"Na alipona!" nikasema.

"Alisimama. Macho yake uliyaona? Mimi niliyaona. Alisimama wiki chache kwa sababu ulikataa alale, halafu akafa akiwa kwenye kamba." Akapumzika kidogo, maana sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. "Mimi si ng'ombe wako. Siku pumzi ikikata, wewe utanifunga kamba. Utaita gari. Mjini wakisema hawana la kufanya, utanipeleka Moshi. Moshi wakishindwa, utasema Dar."

"Ndiyo," nikamwambia. "Hivyo hivyo. Ulifikiri nitafanyaje?"

"Ndiyo maana sikukutaja."

Nilitegemea wifi acheke. Hakucheka. Alishika pindo la kanga akafunga tena lile fundo, polepole, akiangalia vidole vyake. Nikachukua majani yangu nikarudi bandani. Ng'ombe niliye naye sasa ni mjukuu wa yule mwenye baka, na yeye anasimama vizuri bila kamba. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana kitabu hiki watakisoma na watu wa kanisani.

Baada ya hapo wifi na mimi tukawa tunasalimiana tu. Nesi alirudi, akasikia habari ya chumvi, nami nikakaa wima nikingoja amtie adabu yule mwanamke. Badala yake akasema, "Bibi, kwa hatua aliyofika babu, akipata kidogo aione ladha, mimi sitagomba. Miguu ikizidi kuvimba tutaongeza dawa ya kukojoza. Wewe unaogopa chumvi, lakini yeye ameacha kula, na hilo nalo linanitia wasiwasi." Wifi alikuwepo. Alikohoa kile kikohozi cha mtu aliyeshinda kesi.

Nikawaambia wote wawili kwamba kwenye jiko langu haiingii. Nesi akaniachia dawa ya maji kwenye chupa, ya kumpunguzia mzee shida ya pumzi ikimbana, akanielekeza kipimo, nami nikakirudia mbele yake mpaka akaridhika. Chupa ile niliiweka kabatini juu, na kila nikiiona nilisema moyoni, hii sitaihitaji. Nitaita gari.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, nikitoka kukamua. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, pumzi inaingia kidogo na kutoka kidogo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpigia kijana wetu anayekaa Terrat, nikamwambia tafuta gari uje. Halafu nikatandaza kanga nikaanza kufunga vitu vya hospitali: shati, shuka, kandambili, kadi ya bima, chupa ya uji. Mume wangu alikuwa ananiangalia ninavyofunga. Hakuweza kusema. Alikuwa ananiangalia tu.

Kijana akafika. "Mama, nimbebe?"

"Mbebe."

Akainama, akamshika baba yake chini ya magoti, kisha akamwachia.

"Lazima tumpigie shangazi," akasema. "Baba alisema."

"Shangazi yako yuko Sakina anakunjua masuruali. Anaona nini kutoka huko?"

"Mama, alisema mbele yetu sote."

Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa. Zikaja kelele za honi na nyundo za mafundi, halafu sauti yake. Nilidhani atalia. Nilidhani atapiga kelele mbebeni, mbebeni, na mimi ningepata la kumwambia maisha yangu yote. Lakini alisema, "Nisogezeni kwenye sikio la kaka." Akaongea naye Kimeru, kile chao, taratibu kabisa. Maneno mengine sikuyajua. Moja nililijua: unataka kwenda?

Mume wangu akatikisa kichwa. Hapana.

"Amekataa," kijana akasema.

"Basi haendi," wifi akajibu. "Mweke akae wima. Dawa ya maji ya nesi ipo?"

"Ipo juu ya kabati."

"Mpeni kama nesi alivyoonyesha. Nampigia nesi sasa hivi, nafunga meza, tunakuja. Mama yako yuko wapi?"

"Yupo hapa. Anafunga nguo."

"Mwambie aache kufunga nguo. Apande kitandani akae nyuma ya kaka, kaka amwegemee. Na mtu yeyote asimtume kitu. Asitumwe maji, asitumwe chai. Wageni wakija watajichemshia."

Hapo damu ilinipanda. Nilimnyang'anya kijana simu. "Wewe nani kakupa kazi ya kunipangia mahali pa kukaa kwa mume wangu?"

"Yeye," akasema wifi.

Zile nyundo ziliendelea.

"Yeye mwenyewe, wifi. Aliniambia kazi yangu ni kusimama mlangoni nigombane na watu. Yako ni kukaa nyuma yake. Alisema mama yetu alikosa kumuaga baba kwa sababu ya ugali wa wageni, na kwamba wewe ni walewale. Nikishindwa yote, alisema, hilo moja nisishindwe. Sasa panda kitandani. Tutagombana nikifika."

Nikampa kijana simu. Nilishusha ile chupa kabatini, nikapima kipimo nilichorudia mbele ya nesi, nikampa mume wangu polepole, mkono wangu chini ya kidevu chake. Kisha nikapanda na miguu yangu ya bandani yenye matope, juu ya shuka safi, nikakaa nyuma yake nimeegemea ukuta, yeye ameniegemea mimi. Alikuwa mwepesi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo, mimi ninayemkanda kila siku. Mbavu zake zilikuwa zinagonga kifua changu, nikaanza kupumua polepole makusudi, kama tunavyofanya na ndama aliyezaliwa kwa shida, ili asikie mwenzake anavyopumua. Muda ulipita. Siwezi kusema mwingi au mchache. Pumzi yake ikaanza kufika mbali kidogo, kisha mbali zaidi.

Wifi na nesi wakafika. Nesi akampima, akaongeza sindano, akasema leo bado hajaondoka, lakini tujue siku kama hii zitarudi. Na watu nao wakaanza kujaa, maana huku habari haina haja ya simu. Wazee wa ukoo, wanawake wa jumuiya, jirani wa juu, jirani wa chini. Mimi sikuona mtu. Niliwasikia tu kupitia ukuta.

"Kwa nini mgonjwa hajapelekwa hospitali?" Huyo alikuwa mzee mmoja wa ukoo, mwenye sauti ya mkutano.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nimeuliza kwa nini..."

"Kwa sababu amekataa mwenyewe, akiwa na akili zake, mbele ya nesi na watoto wake. Umemaliza?"

"Na mkewe yuko wapi? Watu wamekaa hapa hakuna hata chai."

"Mkewe yuko kazini. Majani yako kwenye kopo, kuni ziko nje, na wewe mikono unayo."

Baada ya muda nikamsikia yule mzee, mtu ambaye sijawahi kumwona hata akibeba kikombe chake, akiuliza sukari inawekwa wapi. Mgongo wa mume wangu ukatikisika kifuani kwangu. Alikuwa anacheka.

Nilimuuliza sikioni, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nini?"

"Hili la kukaa hapa. Ulimwambia yeye. Mimi nalala na wewe kitanda kimoja, ungegeuka tu."

Alivuta pumzi kwanza. "Ungekataa. Ungesema nani atapika."

Ningekataa, kweli. Ningesema nani atapika. Lakini hilo halikunitoa wivu, na wasomaji wasitegemee niseme lilinitoa. Yule mwanamke alikuwa amesimama kwenye mlango wangu na sauti yake, na amri zake zilikuwa zinafuatwa, na hata mahali nilipokaa, nimemkumbatia mume wangu mchana watu wamejaa nje, nilipewa kwa mdomo wake. Nilikuwa nimepata nilichotaka na bado kilikuwa kimepita kwake kwanza, kama kile kipande cha mbuzi.

Watu walipopungua nikasikia anaingia jikoni. Namna anavyoweka sufuria naijua, anaigonga. Akamenya ndizi. Harufu ya mtori ikaja. Halafu nikasikia makopo yakifunguliwa na kufungwa, kopo la majani, la sukari, la unga wa uji, droo ya vijiko, tena kopo la majani.

"Wifi!" akaita. "Chumvi unaweka wapi?"

"Mwambie," mume wangu akasema.

"Ana yake kwenye kanga."

"Leo kavaa sketi. Katoka mezani mbio."

Nikamwacha atafute. Akafungua kabati. Akasogeza ndoo. Nilimsikia anajisemesha Kimeru, na safari hii nilielewa kila neno, maana kilikuwa Kimeru cha sufuria na kuni, na mengi yalikuwa matusi juu yangu. Mume wangu aliweka kichwa chake begani kwangu, akafumba macho. Hakuniomba tena. Mdomo wake ulikuwa umekauka, na ulikuwa unatafunatafuna kidogo, wenyewe, kwa ile harufu.

"Kwenye debe la mahindi!" nikapiga kelele. "Chini kabisa!"

Mahindi yakamwagika. Kisha akacheka yule mwanamke, kicheko cha barabara ya Nairobi, kuku wakatawanyika nje.

"Na usimpe wewe!" nikamwambia. "Lete hapa na kijiko. Namlisha mimi."